Kitabu kilichapwa 2012, mkataba hautaji dijitali: haki ya kukiuza kwenye simu ni ya nani?

Mzabibu wa Mpunguzi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa uchapishaji na hakimiliki mnisaidie.

Kuna kitabu cha Kiswahili cha kilimo cha zabibu na mazao ya nyanda kame. Kurasa 148, picha 61 za rangi, mwandishi ni mimi. Kilitolewa 2012 na mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Nakala zimekwisha dukani na hakijachapwa tena. Mkataba wenyewe ni kurasa tatu. Kifungu cha haki kinasema mwandishi anampa mchapishaji "haki ya pekee ya kuchapa, kuchapisha na kuuza kazi hii katika umbo la kitabu". Mrabaha ni asilimia 10 ya bei ya jalada. Neno intaneti, simu au elektroniki halimo.

Wakulima wa Mpunguzi, Hombolo hadi Manyoni wanakiulizia, na wengi wanataka kukisoma kwenye simu. Wakati huohuo PDF ya kurasa zilizopigwa skani inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na baadhi ya steshenari za hapa Dodoma mjini wanaiprinti na kuibandi.

Nauliza:
1. Haki ya nakala tepe (soft copy) ni yangu au ya mchapishaji?
2. Faili liandaliweje, na lifungwe kwa nywila au la?
3. Bei na mgawanyo upigwe hesabu vipi?
4. Hiyo PDF ya mtaani inafanywaje?

---

Mhariri Area C

Mleta mada, swali la kwanza ndilo limebeba mengine yote. Usimlipe mtu hata shilingi ya kutengeneza faili kabla hujalimaliza.

Kwenye karatasi unauza kitu. Aliyenunua nakala pale Majengo anaweza kumwazima jirani au kumuuzia mwenye meza ya vitabu chakavu, na huna la kumfanya, maana nakala ni ileile moja inayohama mikono. Faili halihami. Ukimtumia mwenzako, lako linabaki na lake linazaliwa. Nakala mpya imetengenezwa, na kutengeneza nakala ni haki ya mwenye hakimiliki. Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Tom Kabinet, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikiuza vitabu vya kielektroniki "vilivyotumika", na ikasema hilo linahitaji ruhusa ya mwenye haki. Upande wa msomaji nao umegeuka. Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo Marekani. Pesa walirudishiwa, vitabu vikatoweka. Hakuna muuza duka anayeweza kuingia chumbani kwako usiku akachukua kitabu cha karatasi.

Kwa hiyo kwenye dijitali kinachouzwa ni ruhusa, na ruhusa haiendi mbali kuliko maneno yaliyoiandika. Sasa tuyatazame maneno yako.

"Katika umbo la kitabu" ni maneno yaliyowahi kupelekwa mahakamani. Mwaka 2001, New York, Random House walitaka kuizuia RosettaBooks isiuze matoleo ya kielektroniki ya waandishi waliokuwa na mikataba ya zamani ya kuchapa, kuchapisha na kuuza kazi "katika umbo la kitabu". Mahakama ilikataa kutoa zuio, kwa hoja kwamba maneno hayo kwa maana yake ya kawaida hayachukui kitabu cha kielektroniki. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ikauacha uamuzi huo usimame. Halafu soma kesi ya pili: 2014, HarperCollins dhidi ya Open Road. Mkataba ulikuwa wa 1971, enzi ambazo hakuna aliyewaza kitabu mfukoni, lakini ulitaja kompyuta na njia za kielektroniki "zinazojulikana sasa au zitakazobuniwa baadaye". Pale mchapishaji alishinda. Kilichozitofautisha kesi hizo ni sentensi moja ndani ya mkataba.

Hizo ni hukumu za Marekani, hazimfungi jaji wa Tanzania. Zinakupa hoja tu. Kwa mkataba wako hoja hiyo ina nguvu, ila usiishie kwenye kifungu kimoja. Soma kurasa zote tatu ukitafuta mambo mawili:

- "haki zote", "njia yoyote" au "kitakachobuniwa baadaye". Likiwapo popote, hata kwenye utangulizi, hali inabadilika.
- kifungu cha kutoshindana, yaani mwandishi kuahidi kutotoa kazi itakayoathiri mauzo ya kitabu. Nakala tepe inaweza kuwa yako na bado ukashtakiwa kwa hicho.

Kisha andika barua. Taja jina la kitabu na tarehe ya mkataba, eleza kwamba hakipo sokoni, omba wathibitishe kwa maandishi ndani ya siku 30 kwamba haki ya toleo la kielektroniki haikutolewa, na omba pia haki ya kuchapa irudi kwako. Peleka kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, au tuma kwa rejesta, pamoja na barua pepe. Wakikaa kimya, ukimya wao haujarudisha kitu. Unabaki na kifungu cha kuvunja mkataba, kama kipo, na hapo mlipe wakili akuandikie maoni ya ukurasa mmoja. Ni rahisi kuliko kesi.

---

Ntomoko

Kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza mkuu. Bila cheti huna hakimiliki, atakayewahi kusajili ndiye mwenye mali.

---

Mhariri Area C

Ntomoko, hapana, na kosa hili linawatisha watu bure. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, na mkataba huo unakataza kuifanya hakimiliki itegemee usajili. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki inazaliwa pale kazi inapotungwa, na inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili COSOTA ni ushahidi. Ni ushahidi mzuri na nashauri aufanye, maana kwenye ubishi atakuwa na karatasi yenye tarehe. Ila anayewahi kusajili kazi ya mwenzake hajapata mali, amejitengenezea ushahidi wa uongo.

Na kama mauzo yatafika Unguja na Pemba, kule kuna sheria yao ya hakimiliki na ofisi yao, COSOZA.

---

Fundi Kurasa

Nachukua swali la pili.

Chanzo cha matini. Usipige skani kitabu kilichochapwa. Maandishi ni yako, lakini jalada na mpangilio wa kurasa vilitengenezwa na watu wa mchapishaji, na mkataba wako hausemi kwamba ni vyako. Rudi kwenye mswada wa Word, uusahihishe kwa kulinganisha na kitabu, kisha panga upya. Jalada jipya.

Kama mswada umepotea na inabidi utoe matini kwenye skani, jiandae kusoma kila mstari. Programu za kutambua maandishi zinapotea hasa kwenye ng'. Ng'ombe anakuwa "ngombe", "ng ombe" au "ng"ombe". Maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari yanabaki na vistari katikati: "kupogo-lea". Na Word ikiwa imewekwa lugha ya Kiingereza itakuwa inarekebisha maneno yako kimyakimya wakati unaandika. Zima usahihishaji wa moja kwa moja kabla hujaanza.

Halafu amua alama moja ya ng' kwa kitabu kizima. Kuna ' iliyonyooka na ’ iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni herufi mbili tofauti, na kwenye programu nyingi msomaji anayetafuta "ng'ombe" kwa ile iliyonyooka hatapata iliyopinda. Simu nyingi huandika iliyonyooka, kwa hiyo tumia hiyo.

Kutengeneza EPUB, yaani faili la kitabu ambalo maandishi yake yanajipanga kufuata upana wa skrini. Vichwa vya sura viwekwe kwa mitindo ya Word, kichwa daraja la kwanza, la pili, basi. Ukikuza tu herufi na kukoleza wino, programu haitajua kwamba hiyo ni sura na yaliyomo hayatatengenezeka. Futa nafasi zilizopigwa kwa kubonyeza mara nyingi na mistari mitupu ya kusukumia ukurasa. Geuza kwa Calibre, kisha fungua kwa Sigil ukasafishe. Zote ni za bure. Kabla ya kuuza pitisha kwenye EPUBCheck mpaka isiseme kosa hata moja, maana maduka mengi yanarudisha faili lenye kosa.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni lugha. Kwenye taarifa za faili lugha iwe "sw". Programu nyingi zinaweka "en" zenyewe. Matokeo yake kifaa kinakata maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na msomaji asiyeona anayesomewa na simu anasikia Kiswahili chako kwa sauti ya Mwingereza. Hakieleweki hata kidogo.

Picha 61. Upana wa pikseli 1,200 kwa JPEG iliyobanwa vizuri ni kama KB 150 kila moja, jumla MB 9 na ushei. Ukishusha upana hadi 800, nyingi zitaingia kwenye KB 60 hadi 80, jumla MB 4 au 5. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo anaiona. Zile za magonjwa ya majani ziache kubwa, maana lazima doa lionekane. Picha ya mkulima ameshika kichala haihitaji ukubwa huo.

Majedwali yenye safu tano yatakatika kwenye simu. Yavunje yawe ya safu mbili au uyaandike kama maelezo.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu. Inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Zetu nyingi huanza na 978-9976 au 978-9987. EPUB inapata namba yake, PDF ikiuzwa peke yake inapata yake, na ile ya 2012 inabaki kwa kitabu cha karatasi. Ukiirudia, hifadhidata za maduka na maktaba zitachanganya matoleo mawili na anayetaka karatasi atapelekwa kwenye faili.

---

Mama Steshenari Ng'ong'ona

Fundi umeeleza vizuri, lakini mkulima hana programu ya kusoma EPUB. Ukimtumia atakwambia "faili lako bovu, halifunguki". PDF inafunguka kila simu, na anajua kuituma. Mauzo ya vijijini ni PDF, tusidanganyane.

---

Fundi Kurasa

Hoja yako naikubali nusu. Simu nyingi za Android hazina programu ya EPUB mpaka uiweke, kweli. Ila PDF anayoizungumzia mleta mada ni ya kurasa za kitabu, na hiyo haisomeki. Fanya hesabu. Skrini ya simu ya kawaida ina upana wa milimita 68 hivi. Ukurasa wa A4 una 210, ukibanwa uingie pale herufi ya pointi 12 inaonekana kama ya pointi 4. A5 yenye herufi ya pointi 11 inabaki 5. Msomaji anakuza, anasogeza kushoto, kulia, mwisho anaacha.

PDF ya simu ipangwe upya kwa ukurasa wa A6, milimita 105 kwa 148, pambizo milimita 6, herufi pointi 14. Hapo inaonekana kama pointi 9, inasomeka bila kukuza. Kurasa zitaongezeka zipite 250, lakini kwenye simu hakuna anayelipia karatasi.

Uza zote mbili kwa bei moja. EPUB kwa maduka, maktaba na wenye kuijua, PDF ya A6 kwa WhatsApp. Na hakikisha leseni ya fonti uliyotumia inaruhusu kuwekwa ndani ya faili. Za leseni huria kama Noto na Gentium hazina shida.

---

Mzabibu wa Mpunguzi

Asanteni sana. Kwenye nywila bado. Watu wananiambia bila kufunga ni kugawa bure.

---

Hesabu za Mrabaha

Nywila ya PDF inasafiri na PDF. Mtu anatuma faili, chini anaandika "pasiwedi ni 2012". Umemchosha mnunuzi wa halali na hujamgusa mwingine. Zipo kufuli za kweli, kama LCP inayotumika kwenye maktaba za kielektroniki, lakini zinahitaji seva ya mtoa huduma na programu maalumu kwenye simu ya msomaji. Kwa kitabu cha mkulima wa Hombolo ni kumwekea mlango wa benki mtu anayekuja kununua chumvi. Na kufuli ya aina yoyote inashindwa na mtu mwenye simu ya pili na uvumilivu wa kupiga picha kurasa.

Kinachofaa ni alama. Kila nakala inayouzwa iwe na namba chini ya kila ukurasa, mfano "Nakala Na. 0147". Programu ya PDFtk inaweza kugonga namba hiyo kwenye faili zima kwa amri moja. Daftari lako la Excel liwe na namba ya nakala, tarehe, na kumbukumbu ya muamala wa M-Pesa au Airtel Money. Ikivuja 0147 unajua ilianzia wapi. Usigonge jina na namba ya simu ya mnunuzi kwenye kurasa. Nakala ikizunguka utakuwa umemwanika, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Alama inaweza kufutwa na anayejua. Wengi hawaijui kazi hiyo, na kuona tu namba kunamfanya mtu asite kutuma kwenye grupu la watu 500.

Swali la bei. Watu wanapigwa kwenye maneno "asilimia ya nini". Tuseme kitabu cha karatasi ni Sh 12,000. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni Sh 1,200. Mchapishaji anakuja na ofa ya dijitali ya asilimia 25, unaona imepanda. Lakini asilimia 25 iliyozoeleka kwa wachapishaji wakubwa ng'ambo ni ya mapato halisi, yaani kinachobaki baada ya duka kuchukua chake. Nakala tepe Sh 5,000, duka likichukua asilimia 30, yaani 1,500, mchapishaji anapokea 3,500, robo yake ni Sh 875. Mchapishaji akikulipa mrabaha anakata kodi ya zuio asilimia 15, sawa na Sh 131, unabaki na 744. Dai cheti cha kodi hiyo kila anapokata, utakihitaji kwenye ritani.

Kwenye mkataba andika "mapato halisi" maana yake nini, na orodhesha makato yanayoruhusiwa: kamisheni ya duka na kodi ya mauzo, basi. Ukiacha wazi, gharama za "matangazo" na "uendeshaji wa mtandao" zitaingizwa humo.

Ukiuza mwenyewe kwa lipa namba, ile 5,000 inapungua kwa ada ya muamala tu. Lakini kazi ya kupokea, kugonga namba na kutuma ni yako, hata saa nne usiku.

Kuhusu Amazon, kwa kitabu chako pasahau kwa sasa: Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha ambazo KDP, huduma yao ya mwandishi kujichapishia, inazikubali kwa vitabu vya kielektroniki. Siku ukikitafsiri kwa Kiingereza, jua mambo matatu. Mgawo wa asilimia 70 ni kwa bei kati ya dola 2.99 na 9.99, tena kwa nchi zilizotajwa tu, penginepo ni 35. Kwenye asilimia 70 unakatwa ada ya kusafirisha faili, senti 15 za dola kwa kila MB kwenye duka la Marekani. Faili la MB 9 kwa bei ya 2.99 linakatwa 1.35, asilimia 70 ya kinachobaki ni dola 1.15, wakati mgawo wa asilimia 35 usio na ada hiyo ungekupa 1.05. Picha zimekula karibu faida yote. Na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mrabaha wa mauzo ya kule unakatwa asilimia 30 kabla haujatoka. Mpango wao wa KDP Select nao unakufunga siku 90, faili lisionekane kwingine, hata kwenye WhatsApp yako.

---

Mhariri Area C

Naongeza kitu ambacho nadhani ndicho kibaya kuliko vyote kwenye mikataba ya dijitali, na hakuna aliyekigusa.

Mikataba ya karatasi ina kifungu cha kitabu "kuisha". Nakala zikiisha ghalani na mchapishaji asichape tena kwa muda fulani, haki zinarudi kwa mwandishi. Kifungu hicho kilikuwa kinafanya kazi kwa sababu ghala ni kitu cha kuhesabika. Faili haliishi. Mchapishaji akiliweka kwenye duka la mtandaoni akalisahau, linauza nakala mbili kwa mwaka, na kisheria kitabu "kipo sokoni" mpaka miaka 50 baada ya wewe kuzikwa. Kuchapa nakala moja moja kwa oda kunaleta balaa hilohilo.

Kwa hiyo mleta mada, kama mazungumzo na mchapishaji yatafika kwenye nyongeza ya mkataba, weka kizingiti cha namba. Mfano: mauzo ya aina zote yakiwa chini ya nakala 50 ndani ya miezi 12 mfululizo, mwandishi anaweza kurudishiwa haki kwa barua ya siku 60. Namba mtajadiliana, lakini iwe namba. Usikubali maneno kama "kinapatikana sokoni".

Mengine ya kuandika humo:

Muda uwe miaka 3 hadi 5, siyo uhai wa hakimiliki. Taja miundo: EPUB na PDF. Kitabu cha kusikiliza, tafsiri na filamu vibaki kwako. Bei isishushwe chini ya kiasi fulani wala kugawiwa bure bila idhini yako, kwa sababu asilimia 25 ya sifuri ni sifuri. Taarifa ya mauzo mara mbili kwa mwaka, ionyeshe kila duka peke yake. Kazi isitumike kufundishia akili mnemba bila idhini tofauti ya maandishi. Mkataba ukiisha, faili liondolewe madukani ndani ya siku 30 na wewe ukabidhiwe EPUB ya mwisho.

Maktaba nazo ziwe na mstari wake. Chuo kinaponunua nakala ya karatasi kinakaa nayo mpaka ichakae. Ruhusa ya dijitali inaweza kuwa ya mwaka mmoja, au ya idadi ya waazimaji. HarperCollins mwaka 2011 waliweka kikomo cha kuazimisha mara 26 kwa kila nakala, na wakutubi wa Marekani wakaja juu. Kwa kitabu cha kilimo mimi ningeuza UDOM au Chuo cha Mipango ruhusa isiyo na ukomo wa muda, watu watatu kusoma kwa wakati mmoja, kwa bei ya nakala sita au saba. Kuwabana maktaba kwa senti ndiko kunakowapeleka wanafunzi kwenye PDF ya skani.

---

Mama Steshenari Ng'ong'ona

Kwenye swali la nne niseme upande wa steshenari. Kurasa 148 kwa Sh 100 kila ukurasa ni 14,800, bado kubandi. Tena nyeusi na nyeupe, ugonjwa wa jani hauonekani. Mteja anatoa zaidi ya bei ya kitabu chenyewe kwa sababu kitabu hakipo. Barua ya vitisho itatufanya tuprinti nyuma ya pazia. Ukija na karatasi ya ruhusa, kwamba kila nakala tunayochapa tunakulipa Sh 2,000 na tunabandika kibandiko chako chenye namba, wengi watachukua. Faili lako zuri likiwa kwenye kompyuta yetu, nani atahangaika na skani iliyopinda?

---

Hesabu za Mrabaha

Hoja hiyo imesimama. Ila ruhusa iwe ya maandishi, iitaje steshenari na mahali, iseme ni ya mwaka mmoja, na vibandiko vihesabiwe unapowapa na unaporudi kukusanya. Faili la kuprinti liwe na namba ya steshenari husika, siyo lile la wateja.

Kwa wasiotaka ruhusa, ieleweke kwamba kuprinti kitabu kizima na kukiuza hakumo kwenye matumizi binafsi, nukuu wala mfano wa kufundishia vinavyoruhusiwa na sheria ya 1999. Na kwa wanaosambaza mtandaoni, kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu hasa ukiukaji wa haki za ubunifu kwa kompyuta, na kinatenganisha anayefanya kwa biashara na asiye wa biashara. Anayeuza linki kwa Sh 1,000 na mwalimu aliyetuma kwenye grupu la shule hawako kapu moja. Usiwaendee kwa barua moja.

Utaratibu wenyewe: ushahidi kwanza. Piga picha ya skrini inayoonyesha linki au jina la grupu, tarehe, saa, jina la faili na ukubwa wake. Ukianza kwa kulalamika, linafutwa na huna kitu mkononi.

Grupu la WhatsApp: kampuni haioni yaliyomo kwenye ujumbe, umefungwa kati ya mtumaji na mpokeaji. Mwandikie adimini, kwa adabu, na katika ujumbe huohuo weka linki ya kununua. Tangu 2022 WhatsApp inapitisha faili hadi GB 2, kwa hiyo usitegemee ukubwa wa faili kuzuia chochote.

Linki ya Google Drive au chaneli ya wazi ya Telegram: hapo kuna wa kumwandikia, na taarifa inafuata masharti ya sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki mtandaoni (DMCA). Iwe na sahihi yako, jina la kazi, linki kamili ya faili lenyewe (siyo ya ukurasa wa mwanzo), mawasiliano yako, tamko kwamba kwa nia njema unaamini matumizi hayana ruhusa, tamko kwamba maelezo ni sahihi, na tamko, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba wewe ni mwenye haki au mwakilishi wake. Hilo la mwisho ndilo linalorudisha kila kitu kwenye barua ya Mhariri. Kama hujui haki ya dijitali ni ya nani, utatiaje sahihi?

---

Mzabibu wa Mpunguzi

Nimewasoma wote. Barua inaandikwa wiki hii. La mwisho: picha 14 kati ya 61 zilipigwa na mpigapicha aliyelipwa 2011 "kwa ajili ya kitabu". Ameshafariki. Nazo zinahitaji ruhusa mpya?

---

Fundi Kurasa

Kama risiti au makubaliano yanasema "kwa ajili ya kitabu" tu, una tatizo lilelile la "umbo la kitabu", safari hii wewe ukiwa upande wa mchapishaji. Haki za marehemu ziko kwa warithi. Tafuta msimamizi wa mirathi, maana ndugu mmoja kukubali kwa simu hakutoshi. Ruhusa iorodheshe picha moja moja kwa namba ya ukurasa, itaje toleo la kielektroniki na la karatasi, kiasi kilicholipwa, na jina la mpigapicha kubaki chini ya kila picha.

Mirathi ikiwa haijafunguliwa, usisubiri. Picha 14 za zabibu zinapigika upya. Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na simu yenye kamera nzuri inatosha kwa upana wa pikseli 1,200. Piga asubuhi kabla jua halijawa kali, majani yasing'ae, na kwa kila aina ya ugonjwa weka sarafu pembeni ya jani ili msomaji ajue ukubwa wa doa.

---

Mama Steshenari Ng'ong'ona

Na ukishapata vibandiko uanze na mimi. Hamsini vya kwanza.